Barabara ya Thika na Nauli ya Binti Yetu

Barabara kuu ya Thika ina mwanzo wake mmoja chini ya kilima chenye Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Jambo hilo hatukulijua, ijapokuwa kwa miaka mingi tumekuwa tukiipita njia hiyo kuwatazama jamaa zetu wa Ruiru na Thika. Kwetu sisi watu wa pwani, barabara hiyo ni foleni, ni honi, ni makondakta wanaoyaita majina ya miji kana kwamba wanaiuza, na ni baridi ya Julai ambayo buibui pekee haliizuii. Kwamba mtu aweza kupanda gari mahali palipohifadhiwa mafuvu, ndege na picha za rangi, akashuka karibu na mashamba ya mananasi, yote kwa njia moja, tulilitambua safari hii kwa sababu tulikuwa na shughuli pande zote mbili.

Tuliondoka Mombasa watatu, kwa gari moshi la asubuhi kutoka Miritini, na kikapu cha maembe, mabuyu ya watoto na doti mbili za leso. Kutoka Syokimau tuliingia gari moshi dogo la kutufikisha mjini, kisha tukakokota mizigo hadi karibu na jengo la Nyaraka za Taifa. Ndani ya jengo hilo, ambalo zamani lilikuwa benki, umewekwa mkusanyiko wa sanaa za Afrika wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Watu huahidiana kukutana nje ya mlango wake kila siku ya Mungu, na wengi wao, kama sisi miaka yote hiyo, hawajapata kuuliza ndani mna nini.

Ruiru tuliyoijua utotoni ilikuwa ya kahawa. Huko ndiko kiliko kituo cha utafiti kilichotoa, mwaka 1985, aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili maradhi yaliyokuwa yakiwatia hasara wakulima. Mzee wetu mmoja alikuwa hapendi kunywa kahawa tungu penye baraza ya Mji wa Kale bila kuwakumbusha wenzake kwamba tangawizi ni ya kwetu lakini buni ni ya bara. Leo mashamba yamebaki vipande vipande kati ya ghorofa. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji huo na watu zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya Thika yenyewe, na wengi wao hulala Ruiru tu, mchana wako Nairobi. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, utaona safu za watu wamejikunyata steji wakingoja gari. Mmoja wao, siku mbili za kila juma, ni binti wa mwenyeji wetu.

Mwenyeji wetu ni binamu yetu aliyeolewa huku zaidi ya miaka 20 iliyopita. Binti yake amemaliza masomo ya sanaa, hajapata kazi, na amejitolea kuwaongoza wanafunzi wa shule katika nyumba moja ya sanaa jijini, ambayo hatutaitaja. Hapewi ujira. Hapewi nauli pia. Tulipofika tulikuta mama na mtoto wamekwisha kulizungumza jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba hawakuhitaji tena kulimaliza. Kila mmoja aliijua sentensi ya mwenziwe kabla haijasemwa.

“Nimemsomesha miaka kumi na sita,” mama alituambia, akimwaga chai, “leo anafanya kazi ya bure, na nauli natoa mimi.”

“Si ya bure, Mama. Nafundishwa.”

“Basi wakufundishe na njia ya kufika bila nauli.”

Tulicheka, na binti akacheka, lakini mama hakucheka. Baba wa nyumba ana kibanda cha vipuri upande wa barabara ya pembezoni. Mapato yake hupanda na kushuka. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa juma, ikijumlishwa kwa mwezi, ni unga, ni mafuta, ni token za umeme. Uamuzi ulikuwa karibu: mwisho wa mwezi ule, binti angeacha. Mama alitaka tumsaidie kumwambia.

Usiku, baada ya Isha, tulimwomba atuonyeshe hicho anachofundishwa. Hakuna picha ya mtu katika nyumba ile, kwa hiyo alichukua doti moja ya leso tulizoleta, akaibana kwenye kamba ya pazia ikaning'inia wazi, akatuketisha mkekani. Tulitaraji aanze kusema. Hakusema. “Tazameni kwa dakika moja, msizungumze,” alituambia. Dakika moja ya kutazama leso ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Kisha akauliza maswali matatu: mnaona nini kinachoendelea hapa? Ni kitu gani ulichokiona kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini zaidi? Maswali haya, alitueleza baadaye, yanatokana na kazi ya Wamarekani wawili, Philip Yenawine na Abigail Housen. Yametumiwa katika makumbusho na madarasa mengi duniani, kwa sababu hayamdai mtu awe amesoma. Yanamdai awe na macho.

Sisi tuliozaliwa ndani ya leso, tuliobebwa kwayo na tutakaofunikwa kwayo, tulijikuta tukigundua mambo. Kwamba pindo halilingani pande zote. Kwamba maua tuliyoyaita maua siku zote ni korosho. Kwamba jina limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, mtu aweze kulisoma akiwa nyuma ya mvaaji njiani. Hapo ndipo alipotueleza, kwa sauti ya chini na kidogo kidogo, kwamba leso za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi, na kwamba neno leso lenyewe ni la Kireno, kutokana na vile vitambaa vya mkononi ambavyo wanawake wa pwani walikuwa wakiviunga kwa sindano kupata nguo moja. Mmoja wetu ana sanduku zima la leso, nyingine za bibi yake. Hakuwahi kuelezwa hata hili la vitambaa. Tena binti huyu amezaliwa bara.

Tulimuuliza kafunzwa vipi, na jibu lake lilikuwa refu. Majuma ya kwanza hakuongoza mtu. Alimfuata mwongozaji mzoefu, akiandika si maneno ya mwenziwe tu bali pia watoto walichoka saa ngapi, na wapi walisogea karibu wenyewe. Alifundishwa kusimama pembeni mwa picha, sio mbele yake. Kutozungumza akiipa hadhira mgongo. Kuchagua vitu vitano katika chumba chenye hamsini na kuviacha vingine bila kujuta. Kujua kwa nini taa za chumba cha nguo ni hafifu, kwamba mwanga huila rangi ya nguo na ya karatasi, na kilicholiwa hakirudi. Kujua pa kutokea moto ukizuka, na la kufanya mtoto akipotea. Na kusema “sijui”. Hilo, alikiri, lilimchukua muda kuliko yote. Mwisho aliongoza kundi la majaribio, watu wazima waliojifanya wanafunzi watukutu, kisha akaketishwa akaambiwa makosa yake moja baada ya jingine.

Mama yake alikuwa mlangoni, na kitambaa cha vyombo mkononi. Sidhani alikuwa amewahi kuyasikia haya yote kwa mpigo.

Kazi hii ina historia yake. Makumbusho ya Sanaa ya Boston, Marekani, ndiyo yaliyoanzisha mwaka 1907 utaratibu wa kuwa na watu maalumu wa kuwatembeza wageni mbele ya picha na kuwafungulia maana zake. Waliitwa kwa jina lililotolewa katika Kilatini, lenye maana ya kufundisha. Kwetu Kenya, makumbusho ya Nairobi yalianza mwaka 1910 kwa juhudi za chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, wakiwamo watu walioifanya kazi hiyo baada ya kazi zao za mkate. Jengo la kilimani lilifunguliwa mwaka 1930, kwa jina la gavana wa kikoloni, Coryndon. Tangu mwaka 1971 kuna chama kiitwacho Kenya Museum Society, ambacho kazi zake nyingi hufanywa na watu wa kujitolea: mihadhara, safari, maonyesho ya sanaa za bei nafuu ambayo mapato yake hugawanywa baina ya wasanii na kazi za makumbusho, na mafunzo ya waongozaji. Hakuna nyumba kubwa ya urithi ambayo haikupata kubebwa, katika kipindi fulani cha uhai wake, na mikono isiyolipwa.

Lakini binti alitusimulia pia habari ya Chicago, na mama alisogea akaketi. Art Institute of Chicago ni miongoni mwa nyumba kubwa za sanaa za Marekani. Tangu mwaka 1961 ilikuwa na waongozaji wa kujitolea, wengi wao wanawake watu wazima, waliosomeshwa kwa miezi 18 kabla ya kukabidhiwa kundi, na waliotakiwa kuendelea kusoma na kuandika baada ya hapo. Septemba 2021 wote, 82 waliokuwa wakihudumu, walipokea barua ya kuwaarifu kwamba mpango wao umesimamishwa. Shukrani iliyoambatana nayo ilikuwa ruhusa ya kuingia bure kwa miaka miwili. Mtu aliyetumikia mahali nusu ya umri wake akaambiwa anaruhusiwa kuingia mlangoni!

Hata hivyo, hoja ya wakubwa wa Chicago haikuwa ya upuuzi. Walisema kwamba kujitolea kwa namna ile kunawezekana tu kwa wenye nafasi na mali, na kwa hiyo waongozaji wote walielekea kufanana, ilhali watoto walioongozwa walikuwa wa kila rangi na kila mtaa. Walitaka watu wa kulipwa, ili na asiye na mali aweze kusimama mbele ya picha akafundisha. Tulilifikiria jambo hilo hadi usiku wa manane, maana lilikuwa limeketi nasi mkekani. Kosa la Chicago tuliliona katika namna ya kuagana. Katika sababu yao tuliyasikia maneno ya mama wa Ruiru. Kujitolea kuna bei, na bei hiyo kuna mtu anailipa. Kama nyumba inayohudumiwa hailipi hata nauli, watakaoihudumia ni wale tu ambao nauli haiwaumi, na watoto wa Ruiru wataongozwa daima na watu wa Muthaiga.

Kesho yake, siku ya Ijumaa, tulikwenda Thika. Kutoka Ruiru unaipita Juja, majengo yanaanza kuachana, na mara mji unakuja na viwanda vyake. Tulishuka kwanza penye hoteli ya Blue Posts, iliyopo tangu mwaka 1908 kati ya mto Chania na mto Thika, kwa sababu mmoja wetu alikuwa hajayaona maporomoko. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo wa milimani. Tulikaa robo saa, baridi ikatutoa.

Shangazi yetu wa Thika anaishi Majengo, na ni mtu mzima sana. Alizaliwa Lamu, akaletwa huku na mumewe aliyekuwa fundi kiwandani. Kwa miaka zaidi ya 30 amekuwa akiwafundisha wanawake na watoto kusoma Kur'ani, na akiitwa usiku huenda kuosha maiti za wanawake. Hajapata kulipwa hata senti, wala hajapata kuomba. Tulimweleza habari ya binti, tukitaraji, kusema kweli, aseme kwamba ujira u kwa Mola na mama avumilie. Hakusema hivyo. Aliinuka akatoa daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida la shule, la mistari, na chini ya mto wake kulikuwa na mengine. Ndani yake ameandika, kwa herufi za Kiarabu lakini kwa Kiswahili, jina la kila mwanamke aliyefanya jambo kwa ajili ya darasa lile: nani aliyefundisha alipokuwa mgonjwa, nani aliyeleta maji, nani aliyeshona mapazia, nani aliyeshika taa usiku wa kuosha maiti fulani na baada yake akalala na homa. Mwanzo wa Ramadhani huyasoma yote mbele ya wenziwe na kuwaombea dua mmoja mmoja, waliohai na waliotangulia. Aliyefundisha kwa kutoka mbali, ameandikiwa na nauli aliyopewa. Fedha hutoka katika kibubu cha darasa, na kibubu kikiwa tupu hutoka kwake.

“Mwenye kutoa atoe kwa ikhlasi, hilo lake,” alituambia. “Lakini mwenye kupokea naye ana lake. Mtume wetu ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Mnalisahau mnapokuwa nyinyi ndio wapokeaji.”

Kisha akatuuliza swali lililotunyamazisha. Alikumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma tulijitolea katika maonyesho ya urithi huko kwetu pwani. “Nani aliandika majina yenu?”

Hakuna aliyeyaandika. Mahali hapo hatupataji, na waliohusika wengine ni wema. Tulipewa fulana za saizi moja, ambazo hazikuvalika juu ya buibui wala chini yake, na chupa ya maji. Hatukufunzwa chochote. Mmoja wetu aliwekwa siku tatu kando ya mlango wa kuchonga, na wageni walipomuuliza nakshi zile zina maana gani alijibu kwamba ni za zamani. Ilikuwa kweli, na ilikuwa aibu, kwa kuwa babu yake alikuwa fundi wa nakshi hizo hizo na angeweza kukumbuka mengi lau mtu angeketi naye kwa saa moja kabla. Siku ya kufunga walisomwa wafadhili, wakasomwa wageni rasmi, wakapigwa picha. Sisi tulikuwa nyuma tukikunja viti. Mwaka uliofuata walipotuita tena tulisema tuna udhuru, na udhuru hatukuwa nao.

Shangazi aliposikia kwamba kesho tunakwenda makumbusho na watoto wa Ruiru, alisema darasa lake nalo litakwenda. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi, masanamu. Wanavyuoni wamelizungumza suala la picha na sanamu kwa mapana, na hatukusudii kulifungua hapa. Binti alimjibu kwa simu, kwa adabu, kwamba kuna kumbi ambazo watoto hawahitaji kuingia, na kwamba njia ataichagua yeye na kumweleza kabla. Shangazi aliridhika kwamba ameulizwa. Tuliona hapo kwamba mwongozaji aliyefunzwa vizuri huanza kazi siku moja kabla ya wageni kufika.

Jumamosi matatu ya kukodi ilitoka Thika na watoto 17 na shangazi kiti cha mbele. Ikatuchukua Ruiru sisi, watoto wengine sita na mama wa binti, ambaye alisema anakuja kwa sababu ya watoto tu. Tukapita Kahawa, penye Chuo Kikuu cha Kenyatta, tukapita Githurai na soko lake, Roysambu, Pangani, hadi barabara ilipotufikisha chini ya kilima.

Binti siku hiyo hakuwa na zamu popote. Alikuja kama dada wa watoto, lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka. Kabla ya kuingia aliwakusanya chini ya mti, akatoa bilauri ya shaba ya mama yake. Nusu yake ilikuwa imefungwa kitambaa. Kila mtoto aliishika upande ulio wazi, ikazunguka mikono 23, kisha akafungua kitambaa wakatazama. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, mwingine umefifia kwa alama za vidole. “Na sisi ni darasa moja,” aliwaambia. Hakuna mtoto aliyegusa kitu ndani. Akawagawa makundi manne, na nyuma ya kila kundi akamweka mmoja wetu, si kama askari. Kila mmoja alipewa swali moja la kuuliza. La mama yake lilikuwa fupi kuliko yote: tunaona nini zaidi?

Tulikaa muda mrefu mbele ya picha za Joy Adamson. Watu wengi humjua kwa kisa cha simba, lakini kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamia mbalimbali za Kenya katika mavazi na mapambo yao, naye akachora mamia, kutoka pwani hadi ziwani. Ni picha za ufundi mkubwa, na pia zina jambo lisilotulia ndani yake, na watoto walilinusa kabla yetu. Mvulana mmoja wa Thika aliuliza kwa nini wengi wao hawatabasamu. Msichana wa miaka tisa au kumi akauliza: walichorwa kwa ridhaa yao?

Binti alinyamaza kidogo. “Sijui,” alijibu. “Wengine pengine walilipwa, wengine pengine waliamriwa. Nitalitafuta.” Akatoa kijitabu akaliandika swali, na pembeni yake akaliandika jina la mwulizaji, akimwonyesha herufi zake. Tulimwona shangazi akilitazama lile kalamu lilivyokuwa likienda.

Penye picha moja ya mwanamke mwenye mapambo mazito ya masikio, binti aliuliza maswali yake matatu, watoto wakajibu, na mara shangazi akaanza kusema bila kuulizwa. Alisimulia juu ya majasi ya bibi yake wa Lamu: jinsi masikio ya msichana yalivyotogwa, jinsi tundu lilivyopanuliwa kidogo kidogo kwa karatasi iliyokunjwa, na jinsi bibi alivyouza jozi yake ya fedha mwaka wa shida. Binti alirudi nyuma hatua mbili. Hakumkatiza, hakumsahihisha, wala hakuitazama saa, ingawa tulijua kutoka kwenye mazoezi ya juzi kwamba kila kituo kina dakika zake. Wageni wawili tusiowajua walikuja wakasimama nyuma ya watoto kusikiliza. Mama wa binti, ambaye kazi yake ilikuwa swali moja tu, aliliuliza kwa sauti: “Tunaona nini zaidi?” Akawa wa kwanza kulijibu yeye mwenyewe.

Tulitoka kwa wakati wa kuwahi Adhuhuri Msikiti wa Jamia mjini. Hilo nalo lilikuwa limo katika mpango wake. Watoto walikula mabuyu njia nzima ya kurudi, midomo myekundu.

Mahali fulani kati ya Githurai na Kahawa, gari likiwa limesimama kabisa, shangazi alilitoa daftari kwenye mkoba wake. Alisema watoto wa Thika watahitaji kwenda tena, na wa Ruiru, na kwamba darasa linahitaji mtu wa kuwafunza wasichana wakubwa namna ile ya kuuliza, angalau mara moja kwa mwezi. Alimwomba mama, hakumwomba binti, kama inavyopasa. Na kule jijini, akasema, binti asiache, bali awaandikie wakubwa wa nyumba ile barua ya heshima kuwauliza kuhusu nauli ya wote wanaojitolea, asitaje ya kwake peke yake. Sisi tukasema tutachangia kibubu kutoka Mombasa hadi jibu litakapokuja. Ilikuwa rahisi kusema. Tumekwisha kutuma mara mbili, na jibu la barua halijafika.

Mama hakusema ndiyo wala la. Alichukua kalamu kwa shangazi, kwa kuwa gari lilikuwa limeanza kuyumba na mkono wa mzee hautulii, akauliza aandike wapi. Shangazi akamwonyesha mstari. Akaandika jina la mwanawe, akaandika Ruiru hadi mjini, kwenda na kurudi, na kiasi chake.

Kisha akafikiri, akaongeza chini yake kiasi kingine kilicho kikubwa zaidi. Mvua ikinyesha, alisema, huwa wanapandisha.